Foleni Iliyobaki Tawini

Mwaka juzi nilimsindikiza mama kwenye tawi la benki moja mjini Morogoro. Ilikuwa safari yake ya tatu kwa jambo lilelile. Alikuwa ameingiza kadi kwenye mashine ya ATM, akaomba shilingi laki mbili, mashine ikakoroma kama inayohesabu noti, kisha ikairudisha kadi bila fedha. Punde ujumbe ukaingia kwenye simu yake: laki mbili zimetolewa. Siku ya kwanza alipewa fomu ajaze. Siku ya pili aliambiwa fomu imetumwa makao makuu, asubiri. Siku ya tatu tulichukua tiketi, namba C047, tukakaa kwenye viti vya chuma karibu saa nzima. Sauti ya mashine ilipotuita dirisha namba tano, kijana wa pale alimwamkia mama vizuri, "Shikamoo mama," akaandika namba ya akaunti, akaitazama skrini kwa muda mrefu, halafu akasema kwa upole: "Mama, mimi hapa naona fedha imetoka tu. Zaidi ya hapo mfumo haunionyeshi."

Maneno ya kijana yule ndiyo yaliyonifanya niandike. Kwa karibu miaka ishirini, teknolojia ya benki katika Afrika Mashariki imeelekezwa upande wa mteja: kadi, simu, mashine za kuwekea fedha, programu za kila rangi. Mengi ya hayo yametusaidia, tena sana. Lakini anayeingia tawini leo hukutana na karani, na karani hukutana na skrini yake. Inachomwonyesha skrini hiyo, na inachomruhusu kufanya, ndicho kinachoamua kama mteja atatoka jambo lake limekwisha au atatoka na tarehe ya kurudi. Upande huo wa dirisha ndio tuliousahau.

Tumefikaje hapa? Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Tanzania ilitaifisha benki za biashara, na humo ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Miezi minne na ushei baadaye, tarehe 27 Juni, Barclays, moja ya benki zilizokuwa zimetaifishwa huku kwetu, ilizindua mashine ya kutolea fedha huko Enfield, kaskazini mwa London, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Kule benki ilianza kutoka nje ya ukuta wake. Kwetu, kwa miaka thelathini iliyofuata, benki ilikuwa jengo. Akaunti ilikuwa ya tawi: ukiwa umeifungulia Iringa, Mtwara ulikuwa mgeni mpaka simu ipigwe au barua ije. Siku za mshahara watu walishinda nje tangu alfajiri. Ilikuwa taabu, wala sitamani irudi. Ila ndani ya taabu ile mlikuwa na jambo tulilolipoteza bila kuliaga: karani aliyekuwa mbele yako aliweza kuinuka, akafungua kabati, akatoka na kumbukumbu zako zote, na meneja mwenye mamlaka ya kuamua alikuwa mlango wa pili.

Kisha mambo yakaenda mbio. NBC iligawanywa mwaka 1997, NMB ikazaliwa humo. Kompyuta zikaunganisha matawi, mteja akawa wa benki nzima badala ya tawi moja. Machi 2007 Safaricom ikaanzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Mwaka 2010 Benki Kuu ya Kenya iliruhusu benki kutumia mawakala. Benki Kuu ya Tanzania ikatoa mwongozo wake mwaka 2013. Duka la vifaa, duka la dawa, kibanda cha soda, vyote vikawa sehemu ya benki. Mwishoni mwa mwaka 2023 mawakala wa benki nchini Tanzania walikuwa wamevuka laki moja, ilhali matawi ya benki zote yakijumlishwa yalikuwa kama elfu moja tu. Benki kubwa za nchi zetu sasa hujivunia kwamba zaidi ya miamala tisa katika kila kumi hufanyika nje ya tawi. Nchini Kenya, watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walikuwa kama asilimia 27 mwaka 2006. Mwaka 2024 walikaribia asilimia 85. Hakuna mpango wowote wa kujenga matawi ambao ungefika hapo.

Wengi walitazamia kwamba tawi litakufa. Halikufa, na sababu yake inafaa kuangaliwa. Mchumi wa Marekani James Bessen alionyesha kwamba ATM zilipoenea nchini mwake, makarani katika tawi la kawaida la mjini walipungua kutoka kama 20 mwaka 1988 hadi kama 13 mwaka 2004, lakini kwa kuwa tawi lilikuwa rahisi zaidi kuliendesha, benki zilifungua matawi mengi zaidi. Kazi ya karani ikabadilika: kuhesabu noti kukapungua, kuzungumza na mteja kukaongezeka. Uingereza ilifuata njia nyingine. Matawi zaidi ya 6,000 yamefungwa tangu mwaka 2015, hata ikabidi benki zishirikiane kufungua vituo vya pamoja, vya kwanza vikijaribiwa mwaka 2021 huko Rochford na Cambuslang. Katika vituo hivyo Posta huendesha dirisha la fedha, na kila benki hutuma mtu wake kwa siku yake ya juma. Watu wenye simu nzuri na intaneti ya uhakika walidai mtu wa kuongea naye. Hilo linatuambia kwamba ukiondoa fedha tawini kuna kitu kinabaki, na kitu hicho kina uzito.

Kinachobaki ni shida. Simu ilipochukua kuweka, kutoa na kutuma, ilichukua yaliyo mepesi. Yaliyobaki foleni ni ya mjane aliyekuja na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Ni ya mfanyabiashara aliyekosea tarakimu moja, fedha zikaenda kwa asiyemjua. Ni ya aliyekuwa Uarabuni miaka mitatu akakuta akaunti imelala. Ni ya Mariamu wa kadi ya benki ambaye kitambulisho cha taifa kimemwandika Mariam. Kwa herufi moja anatakiwa aende kwa wakili akaape kwamba hao wawili ni mtu mmoja, alipie muhuri, arudi apange foleni upya. Karibu kila anayekaa kwenye kiti kile cha chuma amekwishajaribu simu, amekwishajaribu kwa wakala, na vyote viwili vimemshinda.

Kutokana na hilo, foleni yenyewe imebadilika tabia, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza mwaka 1909 kuandika hesabu za kusubiri ambazo hadi leo ndizo msingi wa kupanga madirisha. Tuchukue dirisha moja. Karani hutumia wastani wa dakika 5 kwa mteja, yaani ana uwezo wa kuhudumia watu 12 kwa saa. Wakija watu 10 kwa saa, kila mmoja kwa wakati wake, na shida zao zikitofautiana kama kawaida, kila mtu atasubiri wastani wa dakika 25 kabla ya kuitwa. Aongezeke mmoja tu, wawe 11, na kusubiri kunaruka hadi dakika 55. Sasa fungua dirisha la pili, watu wote wapange foleni moja inayolisha madirisha yote mawili. Kwa watu walewale 11, kusubiri kunashuka chini ya dakika 2.

Soma tena tarakimu hizo ukikumbuka tawi unalolijua, lenye madirisha sita na watu wawili nyuma yake, wengine wakiwa wamekwenda kula au wametumwa nje kufungua akaunti. Saa nzima ya maisha ya watu thelathini inaweza kuokolewa na mtu mmoja kurudi kitini kwake. Mashine ya tiketi haileti mabadiliko hayo. Inaondoa kusukumana na kuchomekea, nayo inampa mzee kiti badala ya kusimama. Hayo ni mambo ya heshima na ninayashukuru. Lakini haiongezi dirisha.

Hesabu hizo zina sehemu ya pili ambayo wenye matawi huizungumzia kwa nadra. Urefu wa foleni unategemea pia jinsi shida zinavyotofautiana. Watu kumi wenye jambo la dakika 5 kila mmoja hupita haraka kuliko watu kumi ambao mmoja wao ana jambo la dakika 2 na mwingine la dakika 40, hata kama wastani wao ni uleule. Teknolojia imewaondoa wa dakika 2 ikawaacha wa dakika 40. Meneja anaona idadi ya watu imeshuka, anapunguza makarani, kisha anashangaa kwamba ukumbi wenye watu wachache unasonga polepole kuliko zamani. Uzembe wa vijana wa dirishani hauhusiki hapo. Tawi la shida linahitaji nafasi ya ziada, na anayelipangia watu kwa kuhesabu vichwa atalikosea kila mwezi, hasa siku mishahara ya serikali inapoanza kuingia.

Halafu kuna kinachopimwa. Tiketi ya mama, C047, ilifungwa pale tulipoondoka dirishani. Kwenye ripoti ya siku ile yeye ni mteja aliyehudumiwa. Safari zake tatu ni wateja watatu waliohudumiwa, pengine kwa muda mzuri, na tawi likasifiwa kwa kuwa na wateja wengi. Mwingereza John Seddon, aliyechunguza huduma za aina hii kwa miaka mingi, alitenganisha mahitaji ya kweli na mahitaji yanayozaliwa na kushindwa: yule aliyerudi kwa sababu mara ya kwanza jambo lake halikukamilika. Tofauti hiyo ni ya msingi. Tawi lisilotenganisha mahitaji hayo mawili litanunua mashine mpya ili kuwapokea haraka zaidi watu ambao halikutakiwa kuwaona tena. Badiliko ambalo ningelianza nalo halihitaji mashine: mteja anapofika dirishani aulizwe, "Umewahi kuja kwa jambo hili?" na jibu liandikwe. Baada ya mwezi mmoja tawi litajua sehemu gani ya foleni yake limeitengeneza lenyewe.

Nirudi kwenye skrini. Mashine ya ATM huandika kila inachofanya: saa, kiasi kilichoombwa, noti zilizohesabiwa, noti zilizofika mdomoni, zilizokwama au kurudishwa ndani. Noti ambazo hazikutoka huangukia kisanduku cha pembeni, na watu wa tawi wanapoifungua mashine kuhesabu fedha, ziada hujitokeza. Kadi ikiwa ya benki nyingine, habari lazima zipite kwenye mtandao unaounganisha benki, kama UmojaSwitch, na siku chache za kusubiri zina maana. Lakini mama alitumia kadi ya benki hiyo, kwenye mashine ya benki hiyo, iliyochomekwa kwenye ukuta wa tawi hilohilo. Jibu la swali lake lilikuwa hatua kama kumi nyuma ya kiti cha kijana aliyemwambia mfumo haumwonyeshi. Lililomzuia ni ruhusa.

Mgawanyo wa ruhusa una sababu, nami nisingependa kuupuuza. Benki huibiwa kutoka ndani pia. Ndiyo maana anayeingiza muamala si yeye anayeuidhinisha, na ndiyo maana marejesho ya fedha yamepelekwa makao makuu, mbali na karani anayeweza kushawishika. Lakini kuona na kuidhinisha ni mambo mawili. Karani anaweza kunyimwa uwezo wa kurudisha laki mbili bila kunyimwa uwezo wa kujua fomu iko kwa nani, imefika lini, na kumbukumbu za mashine zinasema nini. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinazitaka benki ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Utaratibu ambao mtu wa dirishani hauoni hauwezi kumsaidia aliye mbele ya dirisha.

Nimewasikia makarani wengi wakisema neno moja, "mtandao," kama kwamba ni hali ya hewa. Mara nyingine ni kweli. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata pigo kubwa. Tawi linalojiandaa kwa siku kama hiyo lina daftari la kuandika jina na namba ya kila aliyekuja, na mtu wa kumpigia mtandao ukirudi. Lisilojiandaa humwambia bibi aliyetoka Mvomero kwa nauli ya kukopa, "Mtandao hakuna, jaribu kesho," na kesho yenyewe haina uhakika.

Bibi huyo ana tatizo jingine ambalo teknolojia imemzidishia. Vidole vyake vimeshika jembe miaka hamsini, na mistari ya ngozi imefutika. Kifaa cha alama za vidole kinamkataa mara tatu, mara nne. Anafuta kidole kwenye kanga, anakibonyeza tena kwa nguvu, kama vile kosa ni lake. Mafundi waashi wanalijua hilo pia. Anaishia kumpa mjukuu au wakala namba yake ya siri, akiitaja kwa sauti dukani, na kuanzia hapo salio lake linajulikana hadi kisimani. Mawakala wengi ni watu waaminifu, wanaofanya kazi ngumu kwa kamisheni ndogo, na floti ikiisha hawana la kufanya. Ila kaunta ya duka haina faragha. Tawi linayo, au lingeweza kuwa nayo kama kile chumba cha vioo kingekuwa cha bibi huyu pia badala ya wenye akaunti kubwa peke yao.

Nchini Kenya kukosekana kwa mtu wa kumweleza shida kulionekana wazi zaidi kwenye mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, na KCB M-Pesa mwaka 2015, mtu aliweza kukopa akiwa kitandani, bila mdhamini, bila afisa wa mikopo wa kumtazama kuanzia kiatu hadi kofia. Kwa waliokuwa wakifukuzwa na matawi huo ulikuwa ukombozi. Lakini walioshindwa kulipa, wengine kwa kiasi kidogo, waliingizwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu, na mlango wa kwenda kujieleza haukuwepo. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kurekebisha kumbukumbu za wakopaji wa simu zaidi ya milioni nne. Afisa wa mikopo wa zamani alikuwa na upendeleo wake, najua. Lakini ungeweza kumwambia, "Mvua haikunyesha, nipe miezi miwili," naye alikuwa na kalamu ya kuandika hivyo.

Kwa hiyo benki inapoleta mpango wa "tawi la kisasa", zulia jipya na vishikwambi mlangoni, mimi huuliza maswali mawili. Karani ataona nini zaidi ya alichoona jana? Ataruhusiwa kumaliza nini bila kuuliza mtu? Angeweza kupewa mamlaka ya kurekebisha herufi moja ya jina pale picha, tarehe ya kuzaliwa na saini vinapolingana. Angeweza kupewa kiwango fulani cha marejesho cha kuidhinisha pamoja na msimamizi wake siku hiyohiyo, kumbukumbu za mashine zikiwa wazi mbele yao. Na apimwe kwa waliotoka wakiwa wamemaliza. Makarani wengi leo wana malengo ya bima za kuuza na akaunti za kufungua, lakini hawana lengo hata moja la kumaliza shida ya mtu. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mpole na mwenye adabu, na nadhani jioni alirudi nyumbani amechoka kwa kuwaambia watu hapana ambayo hakuitunga yeye.

Safari ya nne mama alipangiwa dirisha jingine. Dada wa pale alisikiliza mpaka mwisho, akaomba tarehe na saa, akaondoka kitini. Tulimwona akizungumza na mtu mzima mwenye funguo, wakapotea nyuma ya mlango ulioandikwa Wafanyakazi Tu. Walikaa kama robo saa. Aliporudi alikuwa na kipande cha karatasi chenye mistari midogo ya wino hafifu, akaigeuza skrini yake ikamtazama mama, akaweka kidole chini ya mstari mmoja.

"Hii hapa, mama. Saa nne na dakika kumi na mbili. Noti zilihesabiwa zikarudi ndani. Jioni utapata ujumbe."

Mama alivaa miwani yake, akausoma mstari ule polepole, herufi kwa herufi, kama alivyokuwa akisoma madaftari ya wanafunzi wake.

"Kwa hiyo zilikuwa humu humu siku zote?"

"Humu humu, mama," dada akajibu, na akaelekeza ukutani nyuma yake.